Thairoglobulini "chini ya 0.2" lakini kingamwili ziko juu: tuilipie mashine inayopima uzito wa protini?

SWALI

Assalaam alaykum Daktari. Mama yangu alitolewa tezi yote ya thairoidi kwa sababu ya saratani, kisha akapewa iodini ya mionzi. Tangu hapo kila baada ya miezi sita tunapeleka damu kupimwa thairoglobulini, na kila mara jibu ni "chini ya 0.2". Tukawa tunashukuru. Safari hii maabara imeongeza mstari: kingamwili dhidi ya thairoglobulini ni 310, kwa hiyo jibu la thairoglobulini lisitegemewe, na ifikiriwe njia ya LC-MS/MS. Tumeambiwa damu itabidi iende nje ya nchi, na gharama yake si ndogo. Ndugu wameshaanza kuchanga. Hii LC-MS/MS ni kitu gani? Kweli inaona kile ambacho mashine za kawaida hazikioni, au tunaliwa pesa zetu? Na kwa nini isiletwe hapa Zanzibar? (Msomaji, Wete, Pemba)

JIBU

Waalaykumussalaam dada yangu. Hapana anayekuleni pesa, lakini pesa zenyewe zisiondoke bado. Njia hiyo ni ya kweli na nina imani nayo. Ila inatatua nusu tu ya tatizo la bi mkubwa, ile nusu iliyomo ndani ya chupa ya damu. Nusu ya pili imo mwilini mwake, na huko mashine haifiki. Nikufafanulie, maana ukishaiona tofauti hiyo utajua la kumwambia daktari wake. Mimi ni mtu wa maabara, uamuzi wa matibabu ni wake yeye.

Thairoglobulini ni protini kubwa inayotengenezwa na seli za tezi ya thairoidi peke yake, na ndani yake ndimo zinamoundwa homoni za tezi. Kwa mtu mwenye tezi yake, kuipima hakusemi mengi. Lakini aliyetolewa tezi yote, na mabaki yakaunguzwa kwa iodini ya mionzi, hana tena pa kuitoa. Ikionekana kwenye damu yake, basi pana seli za tezi zilizobaki mahali fulani, za kawaida au za saratani. Ndiyo maana madaktari hupenda kuiona chini ya nanogramu 0.2 kwa mililita.

Hebu upate picha ya udogo wa kiasi hicho. Katika mililita ileile mna albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, kiasi cha nanogramu milioni 40. Kwa kila sehemu moja ya tunachokitafuta pana sehemu milioni 200 za albumini peke yake, na protini nyengine sijazitaja.

Mashine za kawaida za maabara huikamata protini kwa kingamwili (protini za ulinzi wa mwili, kila moja hushika kitu chake maalumu) mbili zilizotengenezwa kiwandani. Ya kwanza imebandikwa kwenye punje ndogo ndogo, inaishika protini upande mmoja. Ya pili ina alama ya kutoa mwanga, inaishika upande wa pili. Protini ikishikwa na zote mbili, mwanga unatoka, mashine inaupima na kuugeuza namba. Ni njia ya haraka, rahisi kuiendesha, na kwa sehemu kubwa ya vipimo tunavyofanya kila siku sina ugomvi nayo.

Lakini angalia, mashine haikuiona thairoglobulini. Imeona mwanga. Mwili wa mama yako umejitengenezea kingamwili zake wenyewe dhidi ya thairoglobulini, na hizo zinaifunika protini, zile za kiwandani zinakosa pa kushika, mwanga unafifia, karatasi inatoka imeandikwa "chini ya 0.2". Karibu robo ya wagonjwa wa saratani ya aina hii wana kingamwili hizo. Kwa hiyo mstari ule ulioongezwa si kisingizio cha kuuza kipimo kingine. Maabara iliyouandika imefanya kazi yake. Ya kuulizwa ni ile iliyotoa jibu la thairoglobulini bila kupima kingamwili pembeni yake, kama ndivyo ilivyokuwa huko nyuma. Miongozo ya Jumuiya ya Thairoidi ya Marekani ya mwaka 2015 inataka vipimo hivyo viwili viende pamoja kila mara, na vifanywe katika maabara moja kwa njia moja.

Kabla hatujaifikia mashine kubwa, niulizie jambo nyumbani. Bi mkubwa anatumia vidonge vya nywele na kucha? Usicheke. Vidonge hivyo vinavyouzwa madukani na mitandaoni vingi vina biotini, aina ya vitamini B, mikrogramu 5,000, hata 10,000, na mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama mikrogramu 30. Mashine nyingi za kingamwili hutumia biotini kama kiunganishi chake cha ndani. Ikijaa kwenye damu ya mgonjwa, inavuruga kazi hiyo, na vipimo kama thairoglobulini na TSH (homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi) vinashuka kwa uongo, T4 (homoni ya tezi yenyewe) inapanda kwa uongo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari juu ya hili mwaka 2017. Na katika baadhi ya mashine, kipimo cha kingamwili dhidi ya thairoglobulini kimeundwa kinyume, hivyo biotini inakipandisha. Yaani kidonge cha kucha peke yake kinaweza kutoa picha ileile mliyoletewa: protini chini, kingamwili juu. Akiwa anavitumia, amwambie daktari, aviache siku kadhaa, arejee kupima. Hilo ni rahisi kuliko kupeleka damu ng'ambo.

Tuseme havitumii. Tuje kwenye LC-MS/MS.

Kirefu chake ni kromatografia ya kimiminika, ikifuatiwa na spektrometa ya masi inayofanya kazi mara mbili mfululizo. Mashine hii haiulizi protini inashikwa na nini. Inauliza uzito wake.

Kwanza damu inatiwa tripsini, kimeng'enya ambacho hata utumboni mwetu kipo kikisaga protini za chakula. Tripsini ina tabia moja nzuri sana: hukata mnyororo wa protini baada ya asidi amino mbili tu, laisini na arginini. Inakata albumini, inakata thairoglobulini, na hapa ndipo penye utamu wake, inazikata na kingamwili za mama yako, maana nazo ni protini. Kilichokuwa kimeifunika thairoglobulini kinakwenda na maji. Vinabaki vipande vifupi viitwavyo peptidi, na kwa kuwa tripsini hukata palepale siku zote, tunajua kabla thairoglobulini itatoa vipande gani. Kinachaguliwa kimoja ambacho hakuna protini nyengine ya binadamu inayokitoa.

Kipande hicho bado kimezama ndani ya bahari ya vipande vyengine, kwa hiyo kinavuliwa kwa kingamwili ya kiwandani inayokijua chenyewe tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, walionyesha kwamba kwa thairoglobulini hilo linawezekana. Utasema: si tumerudi kwenye kingamwili? Tumerudi, lakini safari hii inaingia baada ya tripsini, wakati zile za mgonjwa zimeshasagika na haziwezi kuizuia.

Baada ya hapo peptidi inapitishwa kwenye bomba jembamba, inatoka kwa dakika yake inayojulikana, inanyunyiziwa penye umeme wa nguvu nyingi mpaka matone yanakauka na kuacha peptidi zenye chaji zikielea. Zinavutwa kwenye ombwe. Huko mna vichujio viwili vya umeme na chumba katikati yao. Cha kwanza hupitisha peptidi za uzito mmoja tu uliochaguliwa. Kwenye chumba cha kati zinagongana na gesi, zinavunjika. Cha pili kinapitisha vipande vya uzito maalumu tu. Ili kitu kihesabiwe kuwa thairoglobulini lazima kitoke kwa dakika yake, kiwe na uzito wake kikiwa kizima, na kivunjike vipande vyenye uzito unaotarajiwa. Kingine kutimiza yote matatu kwa bahati ni nadra. (Kwa watu wa fizikia watakaonisahihisha: ndiyo, kinachopimwa hasa ni uzito ukigawanywa kwa chaji.)

Mpaka miaka ya 1980 molekuli kubwa kama protini hazikuweza kuingizwa kwenye mashine hizi bila kuharibika. Waliofungua njia, John Fenn wa Marekani kwa ile ya kunyunyiza, na Koichi Tanaka wa Japani kwa ya leza, walipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2002 pamoja na mwenzao wa fani nyengine. Tanaka nampenda zaidi: mhandisi wa kampuni ya Shimadzu, shahada ya kwanza tu, aliyechanganya gliserini na unga wa kobalti bila kukusudia, akaona ni hasara kuumwaga mchanganyiko, akaujaribu.

Lakini kuona kitu si kujua kiasi chake, na mtu wa maabara anaishi kwa kiasi. Peptidi nyengine zinapotea njiani, nyengine zinashindwa kupata chaji, leo mashine ina nguvu na kesho imechoka. Dawa yake ni kutengeneza kwa kemia peptidi ileile, ila laisini au arginini ya mwishoni inaundwa kwa kaboni-13 na nitrojeni-15. Kila kitu kingine ni kilekile. Uzito tu umezidi, daltoni 8 kwa laisini na 10 kwa arginini, na daltoni moja ni karibu uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Kiasi kinachojulikana cha peptidi hiyo nzito kinatiwa kwenye kila sampuli. Wewe wa Wete utanielewa upesi nikikwambia hivi: una gunia la karafuu, hutaki kuhesabu moja moja. Tia ndani karafuu 100 ulizozipaka rangi, changanya barabara, chota ukufi. Ukikuta ukufini mna 2 za rangi na 50 za kawaida, basi gunia lilikuwa na kama 2,500. Hata nusu ya gunia ikimwagika njiani, hesabu haiharibiki, kwa sababu za rangi na zisizo na rangi zinamwagika kwa kiwango kimoja.

Hila hiyo ina mwanya mmoja, na watu wa mauzo hawautaji. Peptidi nzito imetiwa ikiwa tayari imeshakatwa. Tripsini isipofanya kazi sawasawa kwenye protini yenyewe, peptidi nzito haina habari. Ndiyo maana maabara mbili zenye mashine zinazofanana zinaweza kutoa namba zisizolingana kwa damu moja, na ndiyo maana nitakusisitizia baadaye kutohama maabara.

Sasa ile nusu ya pili.

Kingamwili za bi mkubwa hazingojei damu ifike maabara. Zinafanya kazi mwilini mchana na usiku. Zikikutana na thairoglobulini zinashikamana nayo, na mwili una desturi ya kuviondoa upesi vitu vilivyoshikamana hivyo. Saratani inaweza kuwa ipo, inatoa protini yake kidogo kidogo, na protini ikafutwa kabla sindano haijaingia mkononi. Tripsini itasaga kila kilichomo kwenye chupa, lakini haiwezi kurudisha kisichoingia chupani. Na si nadharia. Tafiti zilizofanywa Marekani kwa wagonjwa wenye kingamwili, ambao saratani yao ilikuwa inaonekana wazi kwa picha, zilikuta wagonjwa wasio wachache ambao LC-MS/MS nayo ilisema haioni kitu.

Basi jibu la kipimo hiki lina thamani mbili tofauti. Kikisema thairoglobulini ipo, liaminini hilo, kwa sababu hakuna kingamwili iliyobaki ya kukidanganya. Kikisema haipo, hamjapata ruhusa ya kulala. Nadhani hili ndilo ambalo ndugu wanaochanga hawajaambiwa: wanadhani wananunua jibu la mwisho, na pengine watarudishiwa "chini ya" nyengine, tena kwa bei kubwa zaidi.

Mbona basi nasema njia ni nzuri? Kwa sababu yako magonjwa ambayo tatizo lote liko chupani, au kwenye kipande cha nyama chenyewe, na hapo haina mpinzani. Mgonjwa mwenye amiloidi moyoni, yaani protini iliyoharibika umbo na kuganda humo, kwa mfano. Rangi ya Congo inaonyesha kwamba protini imejikusanya, haisemi ni protini gani. Ikiwa ni ya minyororo myepesi, vipande vya kingamwili, anahitaji dawa kali za kuua seli za uboho zinazoitoa. Ikiwa ni transthairetini, protini nyengine ya damu, dawa hizo ni sumu bure. Tangu mwaka 2009 hivi Mayo Clinic imekuwa ikikata kipande hicho kwa leza, kukisaga kwa tripsini na kuisoma protini kwa uzito wake. Huo ni uamuzi kati ya tiba mbili zisizofanana kabisa, na spektrometa inautoa. Au saratani ya mailoma, ambayo seli zake za uboho humwaga kingamwili za aina moja: mgonjwa anatibiwa kwa dawa ambayo yenyewe ni kingamwili, kipimo cha kawaida kinaiona dawa na kudhani ni ugonjwa umebaki, na mashine ya uzito inazitenganisha kwa sababu dawa ina uzito wake na ugonjwa una wake.

Hata wewe pengine umeshanufaika nayo bila kujua. Kipimo cha HbA1c, kile cha sukari ya miezi mitatu, kinasawazishwa duniani kote kwa njia ya rejea iliyochapishwa mwaka 2002, ambayo hukata ncha ya mnyororo wa beta wa himoglobini na kuipima kwa spektrometa. Na bado hapo nako utaikuta ileile tofauti ya chupa na mwili. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, hali isiyo ngeni visiwani kwetu kwa sababu ya historia ya malaria, chembe zake nyekundu huishi muda mfupi zaidi, hazipati wakati wa kushika sukari ya kutosha. Utafiti wa mwaka 2017 ulikuta wanaume wenye aina ya Kiafrika ya upungufu huo wana HbA1c iliyo chini kwa karibu pointi 0.8 za asilimia kuliko inavyostahili. Kipimo kimesema kweli tupu, na mgonjwa bado anaweza kukosa kugunduliwa kisukari.

Na kuwa na mashine ya bei hakuzuii uongo. Mwaka huohuo wa 2002 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa michoro ya protini za damu uliodai kuwatambua wagonjwa wote 50 wa saratani ya ovari waliopimwa. Magazeti yakashangilia, kampuni zikajitayarisha kuuza. Wataalamu wa takwimu wa Houston walipozichambua upya data waliona kwamba sehemu ya kilichotenganisha wagonjwa na wazima kilitokana na namna sampuli zilivyoendeshwa, si ugonjwa. Mtu akikuletea kipimo cha "protini zote" kinachotambua saratani yoyote kwa tone moja la damu, kumbuka hadithi hiyo kabla hujatoa mkoba.

Kwa nini isiletwe Zanzibar? Bei ya kununua, mamia ya maelfu ya dola, ndiyo sehemu nyepesi. Pampu za ombwe hazizimwi usiku wala mchana, nitrojeni haitakiwi kukatika, chumba kiwe na baridi isiyoyumba. Aliyekuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa waya wa baharini, hahitaji kuelezwa. Hali si ile tena, na Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, lakini umeme ukipepesa kidogo tu bila akiba, ombwe linaanguka na kazi ya siku imekwenda. Zaidi ya hayo, mashine ya kingamwili huja na vitendanishi vilivyo tayari, unaweka na kubonyeza. Hii kila maabara hujijengea kipimo chake, kukithibitisha na kukilinda, na hilo linataka wanakemia waliokaa nayo miaka. Wagonjwa wa hali ya mama yako visiwani kwa mwaka ni wachache. Kipimo kinachofanywa mara moja moja kinaoza mikononi. Kwa thairoglobulini mimi ningeunga mkono kituo kimoja Dar es Salaam kwa Tanzania nzima, sampuli zetu zivuke kwa boti.

Ningepewa fedha hizo kwa ajili ya hospitali ya Mnazi Mmoja nisingeanza na LC-MS/MS. Ningenunua ndugu yake, MALDI-TOF, ya ukoo mmoja na kazi ya Tanaka. Unachukua bakteria walioota kwenye sahani, unawapaka kwenye kibao cha chuma, unawapiga leza, na uzito wa protini zao, hasa za ribosomu (viwanda vya protini ndani ya seli), zilizo kati ya daltoni 2,000 na 20,000, unakwambia ni bakteria gani ndani ya dakika chache. Haisemi wanauliwa na dawa ipi, hilo bado linapimwa kwa njia nyengine. Lakini kwa mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, kupata jina la mdudu leo badala ya kesho kuna maana, na gharama ya kila sampuli ni ndogo mashine ikishakuwepo.

Kwa selimundu, ambayo najua utaniuliza, inawezekana: badiliko moja la asidi amino linaupunguza uzito wa peptidi ya kwanza ya mnyororo wa beta wa himoglobini kutoka daltoni 952 hadi 922, na baadhi ya maabara za Uingereza hupima watoto wachanga hivyo kwa tone la damu kwenye karatasi. Sisi vipimo vya haraka vilivyopo vinatutosha kuanzia. Kinachotupungukia ni kumfikia kila mtoto.

Wala Pemba si ngeni kwa elimu ya protini. Damu za kina mama wajawazito wa kisiwa chenu zimehifadhiwa katika benki ya sampuli ya mradi wa AMANHI ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, pamoja na za Sylhet, Bangladesh, na Karachi, Pakistani, na kazi hiyo imepita kwenye maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi. Huo ni utafiti lakini, haumsaidii bi mkubwa leo.

Tumrudie yeye. Namba 310 ikiwa peke yake haisemi kitu. Tunachohitaji ni mwendo wake. Mtu aliyetolewa tezi na akapona, mwili wake hauna tena cha kuuchochea, na kingamwili hushuka taratibu, pengine kwa miaka kadhaa kabla ya kupotea. Zikishuka, ni dalili njema, hata kama bado ni nyingi. Zikikaa palepale au kupanda, hapo kuna la kutafuta, isipokuwa katika miezi ya mwanzo baada ya iodini ya mionzi, ambapo zinaweza kupanda kwa muda bila ubaya. Kwa maneno mengine, kingamwili zilizoharibu kipimo zenyewe zimekuwa kipimo, na cha bei nafuu.

Tafuteni karatasi zote za zamani, hata zile za kabla ya upasuaji, muone kama kingamwili ziliwahi kupimwa na kwa maabara ipi. Namba za maabara mbili hazilinganishwi, 310 ya hapa inaweza kuwa 90 ya pale. Ombeni ultrasaundi ya shingo ifanywe na mtu mwenye uzoefu wa shingo, maana saratani hii ikirudi hupenda kukaa kwenye tezi za limfu za hapohapo. Ikionekana tezi ya kutilia shaka, daktari anaweza kuchoma sindano, kuchukua seli, na kupima thairoglobulini kwenye maji ya kusuuzia sindano, kipimo ambacho kingamwili za damu kwa kawaida hazikisumbui sana. Kisha baada ya miezi mitatu hadi sita kingamwili zirudiwe, maabara ileile.

LC-MS/MS iingie hapo ikiwa kingamwili hazishuki na ultrasaundi haionyeshi kitu, au ikiwa daktari amesema wazi kwamba jibu la "ipo" litabadilisha atakachokifanya. Mkifika huko, kuna maabara za rufaa Marekani, Mayo Clinic ikiwa mojawapo, zinazokifanya. Damu itolewe, ikishaganda seramu itenganishwe siku ileile, igandishwe, isafirishwe ikiwa imeganda, isiyeyuke Chake Chake na kugandishwa tena Dar. Kwenye fomu iandikwe tarehe ya upasuaji, tarehe ya iodini, TSH ya siku hiyo na dawa zote anazotumia, vidonge vya nywele vikiwemo. Na chupa ya pili ya damu ileile ipelekwe kwenye maabara yenu ya kawaida, ili namba mbili zitoke kwenye damu moja na daktari awe na cha kulinganisha nacho mwakani.